Wadigo wawili kwenye foleni moja ya uraia

Asubuhi moja ya Machi, kwenye korido ya ofisi ya uraia katika mji mmoja wa kaskazini mwa Ujerumani, wanawake wawili walikaa bega kwa bega kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na faili lake mapajani. Wote wauguzi. Wote Wadigo, watu wa pwani ya Kenya na Tanzania. Mmoja kwao Ukunda, Kwale, Kenya. Mwenzake kwao Mkinga, Tanga, upande wetu wa Tanzania kwenye mpaka wa Horohoro. Walijuana kazini, zamu ya usiku, pale mmoja alipomsikia mwenzake akiongea na simu kwa Kidigo kilekile cha bibi yake. Tangu hapo ni ndugu. Maswali ya mtihani wa uraia waliulizana pamoja jikoni, na maombi waliyapeleka wiki moja. Mimi siku hiyo nilikuwa mshika makoti tu.

Kinachowatenga ni mstari. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana Afrika Mashariki kwa mstari unaoanzia mdomo wa Mto Umba kwenda hadi Ziwa Viktoria. Wadigo hawakuulizwa. Mjomba alibaki huku, mpwa akawa kule, na minazi ikagawanywa kama nyama ya mnada. Karibu miaka 140 baadaye mstari uleule umewafuata hadi kwenye korido hii. Wa Ukunda akikabidhiwa cheti chake atatoka na pasipoti mbili. Wa Mkinga atatoka na moja, tena si ile aliyoingia nayo, kwa kuwa Kenya inaruhusu uraia pacha na Tanzania hairuhusu.

Sisi tunapozungumzia ughaibuni, hadithi huishia kwenye viza. Fulani kapata viza, pilau limepikwa, picha za uwanja wa ndege zimetumwa kwenye kundi la familia. Kabla yake kulikuwa na kizazi cha kuzamia meli pale bandarini, kikafuata cha kujilipua, mtu anafika uwanja wa ndege na kujitangaza mkimbizi wa nchi asiyowahi kuiona. Siku hizi vijana wanapita mlangoni. Wanasoma Kijerumani Nairobi au Dar, wanatafuta nafasi ya mafunzo ya uuguzi, au wanaanza kwa kulea watoto wa watu kwa mwaka mmoja. Viza ya kukaa muda mrefu ada yake ni yuro 75, kiasi ambacho hakimtishi mtu. Kinachotisha ni masharti yanayoizunguka. Mwanafunzi, kwa mfano, huambiwa aonyeshe akaunti iliyofungwa yenye yuro 11,904 za kumtosha mwaka mmoja. Hizo ni pesa za kiwanja na nyumba juu yake, na familia nyingi huzipata kwa kuuza kiwanja hichohicho.

Lakini viza yenyewe, ukiitazama vizuri, huwa ni karatasi ya miezi michache. Kazi yake ni kukufikisha. Ukishafika unakwenda ofisi ya wageni kupewa kibali cha ukaazi, na kibali hicho ndicho kitakachokuamulia kila kitu: kazi, nyumba, hata kama simu ikilia usiku kutoka nyumbani utapanda ndege au utatuma pesa ya sanda. Na kibali kimoja si sawa na kingine. Anayesoma, au aliye kwenye mafunzo ya kazi, miaka yake ya kukaa kihalali inaingia kwenye hesabu ya uraia, ila akiwa bado na kibali cha aina hiyo haruhusiwi kuomba uraia wenyewe. Akitafuta makazi ya kudumu, miaka ya chuo huhesabiwa nusu. Uingereza ni vingine kabisa: miaka ya viza ya mwanafunzi haiingii kwenye ile njia ya kawaida ya miaka 5. Nimeona watu wazima, wenye shahada zao, wakilia juu ya meza kwa kugundua kwamba miaka minne ya maisha yao ilikuwa ya aina isiyohesabiwa.

Na bado hao wana bahati. Kuna dada zetu walioko Riyadh na Muscat kwenye kazi za ndani, miaka kumi, kumi na mitano, wamelea watoto wa watu mpaka wakaoa. Kwao hakuna hesabu yoyote inayoendelea. Mkataba ukiisha, wanarudi walivyokwenda. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nchi gani ina mshahara mzuri, ningemshauri mdogo wangu aulize kwanza: huko, miaka yangu inahesabiwa?

Hata kule inakohesabiwa, mwenye kuhesabu hubadili mawazo. Ujerumani ilidai miaka 15 ya kukaa, ikashuka hadi 8 kwa marekebisho yaliyoanza mwaka 2000, na kuanzia tarehe 27 Juni 2024 ikawa 5. Sheria hiyo ya 2024 ilifungua pia njia ya mkato ya miaka 3 kwa aliyejua lugha kwa kiwango cha juu na kuonyesha mafanikio ya pekee kazini au katika kujitolea. Namfahamu kijana wa Moshi aliyelala na vitabu vya sarufi mwaka mzima kwa ajili ya njia hiyo. Oktoba 2025 Bunge la Ujerumani likaifuta. Kijerumani chake sasa ni kizuri kuliko cha baadhi ya wagonjwa wake, na anasubiri miaka mitano kama wengine. Uingereza nako, Mei 2025 serikali ilitangaza nia ya kuinua miaka ya kungojea makazi ya kudumu kutoka 5 hadi 10. Anayehama leo anasaini mkataba ambao upande wa pili una kalamu na raba.

Turudi kwenye korido. Mtihani wa uraia una maswali 33, ukipata 17 umepita, na maswali yote yanatoka kwenye orodha ya 310 inayojulikana. Ujerumani ina majimbo mangapi? Kumi na sita. Si mtihani wa kumtoa jasho muuguzi. Kigumu ni makaratasi na subira. Lugha kiwango cha B1, yaani cha kati, uthibitisho kwamba unajilisha mwenyewe bila posho ya serikali, rekodi safi ya polisi, ada ya yuro 255, kisha kungoja. Ofisi zimezidiwa kila mahali. Berlin ilipokusanya kazi ya uraia kwenye ofisi moja Januari 2024, ilianza na maombi kama 40,000 yaliyolala kwenye wilaya. Mwaka huo nchi nzima walipewa uraia watu takriban 292,000, idadi kubwa kuliko mwaka wowote tangu takwimu za sasa zianze mwaka 2000. Wanawake wangu wawili walingoja miezi kumi na minane. Katikati mmoja wao aliandikiwa barua kwamba vyeti vyake vina kasoro: tahajia ya jina la baba kwenye kimoja ilikuwa Mwinyi, kwenye kingine Muinyi. Kwa mtu wa pwani huyo ni mzee mmoja. Kwa ofisa ni watu wawili.

Kuna jambo lingine nililokuwa nikiliwaza wakati tunangoja. Sheria ya uraia inayotumika Ujerumani hadi leo, pamoja na viraka vyake vyote, ni ile ya tarehe 22 Julai 1913. Mwaka huo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, na babu za huyu wa Mkinga hawakuhesabiwa raia. Walikuwa watu wa koloni, basi. Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, akaingizwa vitani upande wa Wajerumani akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake. Hakulipwa. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili kwa Wajerumani, akaoa, akazaa. Alikufa Novemba 1944 katika kambi ya Sachsenhausen. Jiwe dogo la shaba lenye jina lake limepachikwa kwenye njia ya watembea kwa miguu, Brunnenstraße, Berlin. Ninapowasikia watu wakisema wenzetu wanaochukua uraia huko wanajipendekeza kwa Mzungu, humkumbuka yeye. Alidai malipo ya kazi aliyoifanya. Wauguzi hawa nao wanadai hesabu ya miaka waliyoifanyia kazi.

Sasa niseme nililokusudia. Mlango wa uraia pacha una makomeo mawili, moja kila upande. Kenya iliondoa la kwake kwa Katiba ya 2010: raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, na aliyekwisha kuupoteza anaweza kuurudisha. Ujerumani iliondoa la kwake Juni 2024. Kabla ya hapo hata huyu wa Ukunda angeambiwa kwanza aukane Ukenya. Uganda na Rwanda wameruhusu. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tumebaki sisi na Kongo, ambao Katiba yao inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Sheria yetu ya Uraia, Sura ya 357, inasema mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, Utanzania unakoma. Hakuna barua, hakuna kesi, hakuna anayekuita. Na kwa kuwa uraia wa Ujerumani huanza dakika cheti kinapokabidhiwa, unaweza kusema ni saa ngapi na dakika ngapi mtu ameacha kuwa Mtanzania.

Sitaki kuifanya sheria hii ionekane ya kijinga, kwa sababu haikuzaliwa kijinga. Oktoba 1961, Bunge la Tanganyika lilipojadili uraia, walikuwapo waliotaka uwe wa Waafrika weusi peke yao. Nyerere aliwakabili, akafika hadi kutishia kujiuzulu. Alishinda, na msingi uliobaki ni kwamba uraia ni utii kwa nchi, rangi haihusiki. Ukishasema hivyo, unalazimika kumwambia kila mtu achague, na waliokuwa na uraia wa pande mbili walipewa muda wa miaka miwili wachague kweli. Ilikuwa nchi changa iliyozungukwa na watu wenye mguu mmoja ndani na mwingine nje, na mguu wa nje ulikuwa umevaa kiatu cha mkoloni. Naielewa hofu ile. Sharti hilohilo tuliwapa Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972, wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu: waliukana uraia wa Burundi, nasi tukawapa wetu, zaidi ya watu 160,000. Ni tendo kubwa ambalo nchi chache duniani zimelifanya.

Ila hofu ya 1961 ilimhusu mtu aliyekuwa Tanganyika na moyo wake kwingine. Muuguzi wa leo yuko kinyume chake: mwili uko Ujerumani, na moyo, mshahara na viwanja viko Mkinga. Sheria ileile inampiga mtu wa aina tofauti kabisa.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Nina kibali cha kudumu. Kina sharti ambalo watu hulisoma wakiwa wamechelewa: ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita bila ruhusa, kinakufa chenyewe, isipokuwa kwa wachache, kama waliokwisha kukaa angalau miaka 15 na wanaojitegemea. Mwaka juzi mama alipata kiharusi, Tanga. Nilikwenda, nikamshika mkono, nikajifunza kumgeuza kitandani asipate vidonda. Mwezi wa nne nikaanza kuhesabu siku. Mwezi wa tano nikawa naangalia kalenda ya duka la simenti iliyotundikwa ukutani kama mfungwa aangaliavyo dirisha. Mama akaona. Akaniuliza kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii, "Mwanangu, unahesabu nini?" Nikamwambia nahesabu siku za dawa.

Dawa ya hofu yangu inajulikana: uraia wa Ujerumani. Raia anaweza kukaa nje atakavyo na hakuna wa kumfuta. Lakini siku nitakapoupata, Tanga hiyohiyo nitaingia kwa viza ya dola 50, ya siku 90. Yaani ili niwe huru kukaa kwa mama mwaka mzima, sharti kwanza niwe mgeni kwa mama. Nimelizungusha jambo hili kichwani kila upande na sijaona linamlinda nani.

Ardhi ndiyo jibu linalotolewa haraka. Asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi Tanzania ila kwa uwekezaji, na wengi wanaogopa kwamba wenye pesa za nje watakuja kununua pwani yote. Nami naogopa. Lakini anayenunua pwani kwa sasa hahitaji uraia pacha. Ana kampuni, ana mwanasheria, ana mbia mzawa wa kutia saini. Anayezuiwa ni yule anayetaka kurithi minazi arobaini na kisima.

Serikali imeliona tatizo, tuseme haki. Marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi yaliyofikishwa bungeni mwishoni mwa 2024 yalileta utaratibu wa hadhi maalum kwa wageni wenye asili ya Tanzania: kuingia na kukaa kwa urahisi, na nafuu kwenye umiliki wa ardhi. Ni hatua, na atakayeibeza hajawahi kupanga foleni ya viza kwenye uwanja wa ndege wa nchi aliyozaliwa. Ila hadhi ni kibali. Nimeishi na vibali miaka kumi na moja, nazijua tabia zao: huombwa, huhuishwa, hufutwa, na waziri mpya akija huja na fomu mpya. Hadhi pia haipigi kura. Si kwamba Mtanzania wa nje mwenye pasipoti ya Tanzania anapiga. Utaratibu huo hatuna. Huyu wa Ukunda mwaka 2022 alikwenda Berlin kumpigia kura rais wa Kenya, akarudi na picha ya kidole chenye wino, akatuonyesha wiki nzima.

Wakenya wenyewe hawakufungua mlango wakaenda kulala. Anayechukua uraia wa pili anatakiwa aiarifu mamlaka ndani ya miezi mitatu, na asiyefanya hivyo anajitafutia kesi. Mwenye uraia pacha haruhusiwi kuwa ofisa wa dola wala kuingia jeshini, isipokuwa kwa hali chache. Hapo ndipo naona hekima: walichukua ile hofu ya utii wakaiweka mahali pake, kwenye viti vya madaraka, badala ya kuimwagia kila nesi na dereva. Na wanajua nani ana pasipoti mbili, kwa kuwa kusema hakumgharimu mtu uraia wake.

Sisi hatujui. Sheria inayokataza imetufundisha kunyamaza. Kila mwenye ndugu nje ana yule mmoja anayetoka Ulaya na pasipoti nyekundu na kuingia Dar na ya Tanzania, akiomba ofisa asiulize muhuri wa kutokea uko wapi. Simsifu. Ila nchi inayotaka utii imejipatia watu wanaoanza likizo yao kwa uongo, na nchi inayotaka takwimu za wanadiaspora wake inahesabu wale tu waliokubali kuonekana.

Husemwa mkataa kwao ni mtumwa, na methali hiyo hutupwa mezani kila mjadala huu unapoanza, tangu enzi za Bunge Maalumu la Katiba la 2014 na kabla yake. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni juu ya nani amekataa nani. Huyu wa Mkinga hajaomba kuacha kitu. Fomu ya Wajerumani haimwambii akane popote. Inamtaka atamke kwamba ataiheshimu Katiba na sheria za nchi hiyo na kujiepusha na lolote la kuidhuru. Aliyekariri kiapo cha uuguzi anaona hilo ni jambo la kawaida.

Saa nne kasoro waliitwa, mmoja baada ya mwingine. Wa Ukunda aliingia, akasimama, akasoma tamko, akatoka na cheti kwenye jalada gumu na machozi yaliyoharibu wanja. Aliniomba nimpige picha, kisha akaikumbuka pasipoti yake ya Kenya mkobani, akaitoa, akaishika pamoja na cheti. Piga tena, akasema.

Wa Mkinga alikaa ndani dakika tano, akatoka mikono mitupu. Hakukataliwa. Alikuwa amemwomba ofisa amsogezee tarehe. Baba yake anataka kumwandikia sehemu ya shamba mbele ya baraza la kijiji, na kikao hakikai mpaka baada ya mfungo. Anataka siku ya kutia kidole awe bado Mtanzania. Ofisa, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, hakuelewa shamba linahusianaje na cheti, lakini akampa wiki nane na kumwambia kwamba mara ya pili hatasogeza.

Tuliposhuka ngazi alikuwa tayari anapiga simu nyumbani, kuuliza kama mwenyekiti wa kijiji yupo au kasafiri.